Nani Atasukuma Baiskeli? Vijana wenye Ulemavu wa Masisi na Walikale baada ya Shule

Mpango uliozoeleka Kivu Kaskazini, mkoa wenye maeneo ya Masisi na Walikale, ni huu: kijana mwenye ulemavu anamaliza masomo, anafundishwa kushona, anakabidhiwa cherehani na kupigwa picha. Basi, tayari anajitegemea. Makala hii inapinga hesabu hiyo.

Kuhusu haki hakuna ubishi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2015, na Sheria ya Kimsingi namba 22/003 ya kulinda haki hizo ilitolewa tarehe 3 Mei 2022. Ubishi uko kwenye maana ya kujitegemea, na ushahidi mzuri kuliko wote uko mpakani, Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi ya Rwanda.

Hapo wachuuzi waliolemaa miguu wamevuka kwa miaka mingi na baiskeli za magurudumu matatu. Mwenyewe anakaa mbele akielekeza usukani. Nyuma yake magunia yamerundikwa hadi kichwa chake hakionekani, na vijana wawili au watatu wanasukuma, migongo imeinama. Wakubwa wa forodha waliwalegezea ushuru, na ulegevu huo ndio uliozaa biashara. Clara Devlieger, mwanaanthropolojia, ameeleza jambo linalofanana na hilo kwenye vivuko vya Kinshasa na Brazzaville. Wanaousifu mpaka huu kama ushindi wa mtu mmoja mwenye moyo mkuu wameshindwa kuona wasukumaji. Yule aliyekaa mbele ni tajiri wa wale walio nyuma: anawalipa. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, riziki ya wote ilikatika pamoja.

Sasa baiskeli hiyo ipelekwe Masisi. Ukishaacha mji mdogo wa Sake, barabara inapanda milima, na mvua ikinyesha udongo unashika gurudumu kama gundi. Walikale ni msitu. Huko mgonjwa bado hubebwa kwa kipoyi, mabegani mwa wanaume wanaopokezana. Kijana anayehitaji mguu wa bandia hutazama Goma, kwenye kituo cha Shirika la Umoja, na mguu huo sharti urudishwe kurekebishwa. Tangu waasi wa M23 wateke Goma Januari 2025, na Walikale-Centre kwa majuma machache kuanzia Machi, safari hiyo imezidi kuwa ngumu.

Itasemwa kwamba ushahidi huu ni wa waliolemaa miguu tu. Ni kweli kwa sehemu: kiziwi wa Masisi anahitaji mkalimani kabla ya gurudumu. Lakini mkalimani naye ni mtu wa kulipwa, sawa na msukumaji, na Kifungu cha 19 cha Mkataba kinataja waziwazi msaada wa mtu binafsi kama sehemu ya kuishi kwa kujitegemea.

Wanaoandaa bajeti za miradi Masisi na Walikale waanze na mshahara wa msukumaji, minyororo ya akiba ya baiskeli na fundi anayekaa kijijini. Cherehani ifuate.