Bayou Corne: pango la chumvi lililohamisha kijiji

Ijumaa tarehe 3 mwezi wa nane 2012, wakaaji wa Bayou Corne, kijiji cha jimbo la Louisiana kusini mwa Marekani, walikuta miti yao imezama ndani ya shimo la maji na matope. Siku hiyo hiyo gavana alitangaza hali ya hatari. Watu wapatao 350 waliamriwa kuhama. Hawakufukuzwa na vita wala mafuriko, bali na pango lililochimbwa na watu.

Chini ya kijiji hicho kuna mlima wa chumvi uliofunikwa na udongo, unaoitwa Napoleonville. Makampuni huingiza maji kwa bomba, chumvi ikayeyuka, na maji ya chumvi yakavutwa juu kwenda viwandani. Panapobaki patupu ndipo pango. Mapango kama hayo hugeuzwa pia kuwa ghala la gesi au mafuta. Kule Huntorf, Ujerumani, mapango mawili yanahifadhi hewa tangu 1978: umeme ukizidi, hewa inashindiliwa ndani; umeme ukihitajika, hewa inafunguliwa ili kusaidia kuzungusha mitambo.

Chumvi inafaa kwa kazi hiyo kwa sababu haipitishi gesi kwa urahisi. Lakini ikilemewa na uzito wa ardhi, husogea polepole. Kinachoizuia ni mgandamizo wa kile kilicho ndani ya pango, pamoja na unene wa ukuta. Mgandamizo ukipungua mno, pango hujibana. Ukizidi mno, ukuta hupasuka.

Huko Bayou Corne ukuta ulikuwa mwembamba. Pango lilichimbwa karibu mno na ukingo wa mlima wa chumvi, kisha likafungwa munamo mwaka 2011. Ubavu wake ukabomoka, zaidi ya mita 1,500 chini. Mawe na udongo vikaporomokea ndani, na huku juu ardhi ikazama.

Dalili zilikuwepo. Tangu mwisho wa mwezi wa tano mapovu ya gesi yalionekana majini, kisha ardhi ikaanza kutetemeka. Mwanzoni macho yalielekezwa kwenye mabomba ya gesi yanayopita hapo. Miezi miwili ikapita. Shimo lilipofunguka, hofu iliongezeka, kwani pango jingine la karibu lilikuwa limejaa gesi ya butani.

Shimo liliendelea kukua hadi kupita hektari 12. Jimbo likaweka sheria kali zaidi kuhusu umbali kati ya pango na ukingo wa chumvi. Amri ya kuhama iliondolewa mwezi wa kumi 2016, baada ya miaka minne. Wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kuuza nyumba zao na kuanza maisha mahali pengine. Ruhusa ya kurudi ilipatikana, lakini majirani walikuwa wamekwisha tawanyika.