Mchoro si picha

Magazeti yetu huandika "Picha na" chini ya kazi ya mpiga picha, na mara nyingi chini ya kazi ya mchoraji pia. Watetezi wa mtindo huu watasema kwamba hata mitaani watu husema "chora picha", basi kosa liko wapi? Hoja hiyo ina nguvu, ila tuangalie kitenzi. Mitaani picha hupigwa au huchorwa, na kitenzi ndicho kinachotofautisha kamera na mkono. "Picha na" inakifuta kitenzi, na pamoja nacho inaifuta kazi. Na kuchora ni neno zito: kamusi ya Kiswahili ya Johnson ya mwaka 1939 inalifasiri pia kama kutia nakshi kwa kukata. Asili yake ni mkono unaoacha alama isiyofutika.

Kwa mchoraji wa kujitegemea, anayelipwa kwa kila mchoro na asiye na mshahara wa mwezi, mstari ule mdogo wenye jina lake ndio tangazo lake: mhariri mwingine akiupenda mchoro, atamtafuta kwa jina. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa msanii haki ya kutambuliwa kwa kazi yake. Hata hivyo, wasomaji wengi wa jarida la katuni la Sani wanamkumbuka mhusika wake Ndumilakuwili. Ni wangapi wanaoweza kumtaja aliyemchora? Wengine watalalamika kuwa nafasi ni finyu, lakini "Mchoro:" hauzidi "Picha na" hata kwa herufi moja.