Kula kikoa mtandaoni

Mafundi wa kompyuta wa Kariakoo watakuambia "domeini", ila kwenye maandishi rasmi utakutana na "kikoa". Wazee wa pwani wanalijua neno hili tangu enzi za vibatari: kula kikoa ni majirani kulishana kwa zamu, leo kwa fulani, kesho kwa mwingine. Kwa maoni yangu aliyelitoa jikoni akalipeleka kwenye intaneti hakukosea, maana mfumo wenyewe wa majina ya mtandaoni ulizaliwa pale jiko moja liliposhindwa kulisha mji mzima.

Jiko hilo lilikuwa Menlo Park, California. Miaka ya 1970 Elizabeth Feinler na wenzake katika taasisi ya SRI ndio walioshika orodha ya kompyuta zote za mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti: faili moja tu, HOSTS.TXT, huku jina, huku namba. Ukitaka jina uliwaandikia au kuwapigia simu, saa za kazi za California. Wakifunga ofisi, ungoje. Jina lisizidi herufi 24, lisiachwe nafasi katikati, na asiwepo aliyekutangulia kulichukua. Kisha kompyuta nyingine zote zilipaswa kunakili faili hilo upya ili zikujue. Kompyuta zilipofika mamia, faili likawa halishikiki tena.

Mwaka 1983 Paul Mockapetris, akiwa Chuo Kikuu cha Southern California, alileta utaratibu mwingine: kila nyumba ipike chake. Anayetafuta jina anaanzia kwenye mzizi, mzizi unamwelekeza kwa mtunza .com, naye anamwelekeza kwa mwenye jina. Hakuna tena anayebeba orodha nzima kichwani. Tarehe 15 Machi 1985 kampuni ya kompyuta ya Symbolics ikaandikisha symbolics.com, la kwanza katika .com. Wakati huo jina lilikuwa bure. Ada ilikuja Septemba 1995, dola 100 kwa miaka miwili.

Mwaka mmoja kabla ya ada hiyo, mwandishi wa habari Joshua Quittner aliona mcdonalds.com haina mwenyewe, akaichukua. McDonald's waliipata baada ya kukubali kuisaidia shule moja ya Brooklyn. Kampuni kubwa kiasi hicho, ikawahiwa kama abiria wa daladala!

Kwa majina ya nchi, Jon Postel, aliyekuwa msimamizi wa ugawaji wake, hakutaka ugomvi wa kuamua ipi ni nchi na ipi siyo. Alichukua orodha ya herufi mbilimbili ya shirika la viwango la ISO. Kenya ikapata .ke mwaka 1993, Tanzania .tz mwaka 1995. Lakini orodha ya kuazima ina mambo yake. Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila aliingia Kinshasa, Zaire ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ISO wakabadili ZR kuwa CD. Kikoa cha .cd kikafunguliwa mwaka huohuo; .zr kikaachwa ili watu wahame, kisha mwaka 2001 kikafutwa kabisa. Serikali ikianguka, hata anwani ya barua pepe inaanguka nayo.

Huku kwetu tzNIC ilianzishwa mwaka 2006 kuitunza .tz, na mteja huandikisha jina kupitia kwa wasajili. Shemeji yangu, fundi cherehani wa Tanga, alipotaka tovuti alichagua jina la Kiingereza lenye kistari katikati. Nikamwambia amtajie mteja wake mmoja kwa simu. Mteja akauliza, "Hicho kistari ndiyo herufi gani?" Shemeji akarudi kwenye jina la Kiswahili lililo kwenye kibao cha duka lake, linaloandikwa vilevile linavyotamkwa, akalipia .co.tz ya mwaka mmoja.

Mwezi huu mwaka umeisha. Kanipigia analalamika: iweje alipie tena jina alilokwisha kununua?

"Shem, hukununua. Umepanga."

"Kama fremu ya duka?"

"Kama fremu."

Akaguna, kisha akaniuliza kodi ni kiasi gani.