Polio imekwenda, miguu imebaki

Kwenye takwimu polio ya virusi vya asili Tanzania ni historia: mgonjwa wake wa mwisho alithibitishwa 1996, cheti cha kuitokomeza kikaja 2015. Sawa. Lakini Mji Mkongwe bado nawaona waliougua utotoni, chanjo ikiwa bado haijaenea. Kinachowasibu uzeeni kina sababu: mishipa ya fahamu iliyonusurika ilibeba kazi ya ile iliyokufa, na baada ya miaka 15 hadi 40 nayo huanza kuchoka. Aliyeacha magongo ujanani huyarudia. Mwaka 1985 wenye ulemavu Zanzibar walianzisha umoja wao, UWZ. Mwaka 2000 UNESCO ikautangaza mji huu urithi wa dunia. Urithi gani, ikiwa mzee wa ghorofani hawezi kushuka ngazi akakaa barazani kwake?