Mifumo Miwili, Diski Moja, na Swali la Msimamizi

Linux haikuingia Kisii kwa waya. Ililetwa na Posta. Kabla nyaya za baharini hazijatia nanga Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti, na kupakua megabaiti 700 za CD moja kwenye saiba, yaani duka la intaneti, kungemaliza faida ya siku nyingi. Lakini kuanzia 2005 hadi 2011 Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikituma bure CD za Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, kwa yeyote aliyeziagiza. Fedora, mfumo mwingine wa Linux, tulinakiliana mkono kwa mkono, mara nyingi kutoka kwa waliokuja na matatu za Nairobi.

Saiba niliyojifunzia ufundi mjini Kisii iliweka zote mbili kwenye diski moja: Ubuntu ya wateja, Fedora ya wanafunzi wa vyuo. Ukiwasha mashine, programu iitwayo GRUB inakuorodheshea mifumo, unachagua kwa vishale.

Mifumo ile ilikuja na desturi mbili za mamlaka. Fedora ilitaka nywila ya root, akaunti yenye mamlaka yote, wakati wa kusakinisha, na kila aliyeijua alikuwa mwenye mashine. Mambo yakiharibika, huwezi kusema ni nani. Ubuntu, tangu toleo lake la kwanza la Oktoba 2004, ilifunga akaunti ya root ikatumia sudo, chombo kilichobuniwa karibu mwaka 1980 na Bob Coggeshall na Cliff Spencer katika chuo kikuu cha Buffalo, Marekani. Hapo msimamizi hutumia nywila yake mwenyewe, na amri yake huandikwa kwenye faili la kumbukumbu, auth.log, pamoja na jina lake.

Tulipotenga /home moja, yaani sehemu ya mafaili ya watumiaji, itumiwe na mifumo yote miwili, folda aliyoiacha mtu Fedora ilimkataa akiingia Ubuntu, jina na nywila vikiwa vilevile. Diski haihifadhi jina la mwenye faili, inahifadhi namba. Fedora ilimpa mtumiaji wa kwanza namba 500, Ubuntu ikampa 1000. Dawa ilikuwa kulinganisha namba kwa amri ya usermod, kisha kukabidhi upya mafaili kwa amri ya chown. Fedora 16 ilipotoka Novemba 2011, nayo ilianza kuhesabu kutoka 1000.

Jambo zito zaidi ni hili: msimamizi wa mfumo mmoja anaweza kufungua sehemu ya diski ya mfumo wa pili, akasoma kila kitu na hata kubadilisha nywila zake, isipokuwa kama sehemu hiyo imesimbwa. Kwa hiyo kumpa mtu root ya Fedora kulikuwa kumkabidhi Ubuntu pia, barua na vyeti vya wateja vikiwemo.

Leo nikiwa Nyamira, kijana akija kujifunza kazi hii namfungulia auth.log kabla hajagusa CD wala flashi. Asome jina lake kando ya amri yake. Fundi huwekewa mezani siri za watu wa mtaa mzima, na anayekataa amri zake ziandikwe kwa jina lake hafai kupewa usimamizi.