Celeron 300A na Historia ya Kuharakisha Prosesa

Kuiendesha prosesa kwa kasi inayozidi ile iliyopangwa kiwandani, kitendo ambacho wapenzi wa kompyuta hukiita ovaklokingi, ni desturi iliyozaliwa karibu pamoja na kompyuta za mezani zenyewe. Prosesa hufuata mapigo yanayoanzia katika kipande cha fuwele ya kwatzi, na idadi ya mapigo yake kwa sekunde, inayohesabiwa kwa mamilioni na kuitwa megahezi, ndiyo mwendo wake. IBM ilipotoa kompyuta yake ya AT mwaka 1984, yenye megahezi 6, wamiliki waligundua upesi kwamba fuwele hiyo ilikuwa imechomekwa tu, hivyo wakaing'oa na kuweka nyingine iliyowafikisha megahezi 8, mpaka kampuni ilipoamua kuweka katika matoleo ya baadaye ukaguzi wa mwendo kila mashine inapowashwa.

Katika miaka ya 1990 mwendo wa prosesa ulipatikana kwa kuzidisha mapigo ya njia kuu ya ubao mama, yaani bodi inayobeba vipande vyote, kwa namba iitwayo kizidisho. Kwa kuwa wachuuzi wasio waaminifu walifuta maandishi ya prosesa za bei nafuu na kuziuza kama za kasi kubwa, kampuni ya Intel, mtengenezaji wa prosesa hizo, ilikifunga kizidisho, na tangu hapo mtumiaji akabakiwa na mlango mmoja tu, ambao ni kuigusa njia kuu yenyewe.

Mlango huo ndio uliompa umaarufu Celeron 300A, prosesa ya watu wa kipato kidogo iliyotoka Agosti 1998. Ilikwenda megahezi 300, yaani 66 za njia kuu mara 4.5, lakini njia kuu ikiwekwa 100 ilifika 450, sawa na Pentium II ya juu kabisa ya wakati huo iliyouzwa kwa bei ya mbali mno. Palipokosekana ubao mama wa kuruhusu mabadiliko hayo, kama BH6 wa Abit, watu walikata kipande chembamba cha selotepu, au walipaka rangi ya kucha, wakafunika mguso mmoja wa dhahabu, B21, kwenye ukingo wa kadi ya prosesa. Mguso huo ukinyamaza, bodi iliamini kwamba imechomekewa prosesa ya njia kuu ya megahezi 100.

Sifa za mafanikio hayo zimezoeleka kupewa ujasiri wa vijana waliotaka mchezo wa Quake II uende bila kukwama, lakini haki ni kuutazama ubao mama. Kadi za video na diski zilipata mapigo yake kwa kuyagawa yale ya njia kuu, na kwa 100 ulikuwapo mgawanyo rasmi uliozirudisha kwenye viwango vyake. Aliyechagua 83, akidhani kwamba kidogo ndiyo salama, alizisukuma kupita kiasi na kuhatarisha data zilizomo katika diski. Isitoshe, kilobaiti 128 za kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya karibu, zilikuwa ndani ya prosesa yenyewe, ilhali kashe ya Pentium II ilikaa nje katika vipande vilivyochoka mapema.

Prosesa iliyogoma kwa volti 2.0 za kawaida iliongezwa kidogo, na hapo ndipo joto lilipodai feni kubwa zaidi, kwa kuwa umeme unaotumika hupanda pamoja na mwendo lakini hupanda kwa mraba wa volti. Kuwaka pekee hakukuwa ushahidi wa uthabiti. Programu ya Prime95, iliyotungwa mwaka 1996 kutafuta namba tasa kubwa, ikageuzwa mizani ya wahusika, kwa sababu huilinganisha hesabu na majibu yanayojulikana na kufichua kosa ambalo mchezo ungelificha mpaka mashine izime katikati ya pambano.

Mwaka 2011 Intel iliunganisha mapigo ya karibu sehemu zote kwenye chanzo kimoja cha megahezi 100, njia kuu ikawa haiguswi tena, na kizidisho kilicho wazi kikauzwa kama bidhaa kwenye prosesa zenye herufi K, mfano 2500K. Kwa kuwa prosesa za sasa hujipandisha zenyewe hadi karibu na kikomo chake, wachezaji wengi wameacha kuongeza mwendo na badala yake hupunguza volti.