Kanisa, Nyumba ya Waliokimbia

Katika jubilei hii yatupasa kukumbuka jinsi Kanisa lilivyoingia Usukuma. Mwezi wa Novemba 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, wakavuka ziwa pamoja na watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi. Basi jamaa ile ya kwanza haikuwa ya wakuu wala matajiri. Walikuwamo watoto waliotengwa na koo zao, nao wakapata mlo, mkeka na watu wa kuwaita ndugu.

Mbegu ile ikakua. Mwaka 1950 ikawekwa Vikarieti ya Maswa, nayo mwaka 1956 ikaitwa Jimbo la Shinyanga. Jimbo la Geita likazaliwa mwaka 1984.

Lakini nchi yetu ilikuwa na jeraha ambalo kengele za makanisa hazikuliponya. Mabibi wazee wenye macho mekundu walishtakiwa uchawi, wakauawa kwa mapanga. Kumbe wekundu ule mara nyingi ulitoka katika moshi wa jikoni, hasa wa mavi makavu ya ng'ombe palipokosekana kuni! Kisha, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino wakawindwa, maana waganga waliwadanganya wachimbaji wa dhahabu na wavuvi ya kuwa viungo vyao huleta bahati. Ndipo watoto wengi wakapelekwa katika shule ya Buhangija, mjini Shinyanga, iliyokuwa ya wasioona, wapate ulinzi.

Hapo twakiri kosa letu. Wengine wetu waliimba kanisani asubuhi, na usiku wakabisha hodi kwa mganga. Wengine walijua neno lililonong'onwa kijijini, wakanyamaza. Ukuta wa shule uliokoa uhai, nasi twashukuru. Lakini mtoto aliyelala salama ndani yake alimlilia mama yake. Kumficha aliyeonewa ni lazima. Hata hivyo, mgonjwa hasa ni kijiji kilichomfukuza. Kijiji kisipopona, mtoto hana pa kurudi.

Dawa tunayo. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika ya Mashariki walikubaliana kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristu ziwe msingi wa kazi ya uchungaji. Jumuiya hukutana nyumbani mwa watu. Basi ikutane kwa bibi yule anayesingiziwa; tuketi mkekani pake, tule ugali wake mbele ya macho ya majirani. Tendo hilo hukanusha uchawi kuliko hotuba kumi.

Nanyi walimu, wafundisheni watoto ya kuwa ualbino ni upungufu wa rangi mwilini, hurithiwa kwa baba na mama pia, wala si laana. Mketisheni mtoto huyo mbele, kwa kuwa macho yake huona kwa shida, tena mwangalieni avae kofia na mikono mirefu juani. Akipendwa darasani, ataota ndoto za kuwa mtu mzima.

Ndugu, tusiihesabu jubilei kwa mabati na matofali tu. Tuulize: ni wangapi waliokimbia, nao wamerudi kwao wakalala bila hofu? Mungu aliyewapa watoto wa Bukumbi nyumba atujalie kuwa nyumba hiyo.